Vidole Viwili

Duka la tatu leo, Mtaa wa Piotrkowska,
na muuzaji, binti wa watu, ana adabu:
"Labda tujaribu namba kubwa zaidi?"
Namba kubwa inapita nyongani na kushukuru Mungu,
lakini huku juu, mabegani, naelea
kama kijiko ndani ya sufuria.
Namba ndogo inayashika mabega vizuri,
halafu vifungo, kuanzia cha pili kushuka,
vinatazamana na matundu yao kwa mbali
kama majirani waliogombania ukuta.

Koti halijanikaa.
Koti limenikataa.
Kati ya kukaa na kukataa kuna silabi moja,
na ndani ya silabi hiyo
nimefanya kazi miaka kumi na tisa.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Hii sikuiazima. Nimeilipia kwa kadi,
na bado, nikiinama kufunga kiatu,
nyuma kunapita upepo wote wa Machi.

Vioo vitatu chumbani, mashahidi watatu,
ushahidi mmoja:
bega la kushoto limeshuka.
Uti wa mgongo uliamua kupinda
nilipokuwa na miaka kumi na mmoja
na haukuniuliza.

Zbyszek wa ofisini alinunua suti yake
saa ya chakula cha mchana, haradali kidoleni,
dakika kumi, pamoja na tai.
Mifuko sita. Niliihesabu; kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Hii yangu ina miwili, yote ya uongo:
mfuniko, uzi, basi.

"Hainitoshi," nilimwambia binti.
Ndani ya tramu nikaanza kuligeuza neno:
au ni mimi nisiyeitosha?
Swali la kipuuzi. Lilinifuata vituo vinne.

Bi Felicja anashonea uani, nyuma ya lango,
katika jengo ambalo matofali yake
bado ni meusi kwa moshi wa viwanda vilivyokufa.
Miaka ishirini na sita kiwandani
alishona mikono ya kushoto tu.
"Ya kulia ilikuwa ya Otylia," alisema,
kama mtu anayetaja mpaka wa shamba.
Alilipindua koti langu la dukani,
akatazama mshono, akasonya.
"Hawajaacha akiba hata ya ukucha.
Wameshona kana kwamba mwanamke hatanenepa,
hatakonda, hatazaa, hatainua mkono.
Rudisha."

Kisha akauliza ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza:
"Utafanya nini ndani yake?"

Nikasema: Jumatatu, saa tatu asubuhi,
nitasimama mbele ya wakurugenzi wa shirika la tramu,
nitanyoosha mkono hadi mstari wa kumi na nne,
pale pesa zilipopotelea.
"Basi nyoosha."
Nikanyoosha. Akapima, pini mdomoni, kimya.
Akaweka kiganja begani, kushoto.
"Vidole viwili. Nisawazishe, au nifuate?"

Nilikawia. Nje mtu alikuwa akikung'uta zulia.
Kusawazisha ni sponji, ni siri, najua;
nimezivaa siri hizo tangu mahafali.
"Fuata," nikasema, kwa sauti ya mtu
anayeagiza chakula asichokijua.

Jumatatu mkono ulipanda, koti likapanda nao;
mkono ukashuka, koti likarudi kwao.
Zbyszek akaninong'oneza: "Umepungua?"
Sikupungua.
Kilichopungua kiko mstari wa kumi na nne.

Mwenyekiti akaomba dakika tano.
Nikatia mkono mfukoni, mfuko wa kweli, wenye kina,
nikachomwa:
pini ya Bi Felicja, iliyosahauliwa
au isiyosahauliwa.
Tone dogo la damu ncha ya kidole.
Nililifuta kwenye bitana,
ambako hafiki mkaguzi yeyote.